Kuendeleza upya kiwanja cha kiwanda cha zamani Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia hati hadi funguo

Ukitoka Gerezani ukashika Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege, kushoto na kulia unapita maghala na viwanda, vingi vikiwa vimejengwa wakati barabara hiyo bado inaitwa Pugu Road. Vingine vinafanya kazi usiku na mchana. Vingine vimebaki paa lililotoboka, geti lenye kutu na mlinzi mmoja. Hivi vya kundi la pili ndivyo vinavyoulizwa na madalali siku hizi, na sababu iko wazi. Kariakoo na bandari ziko jirani, stesheni ya SGR haiko mbali, mabasi yaendayo haraka awamu ya tatu yamepangiwa barabara hiyohiyo kwenda Gongo la Mboto, na kiwanja cha ekari mbili au tatu ndani ya mji hakipatikani kwingine.

Mwongozo huu ni kwa familia, kampuni ndogo au ushirika unaomiliki kiwanja cha namna hiyo, au unaotaka kukinunua kati ya Gerezani, Keko, Chang'ombe na Vingunguti. Msimamo wangu niuseme mapema: kwenye viwanja hivi fedha hupotea kabla zege halijamwagwa. Hupotea kwenye makaratasi na chini ya udongo. Kwa hiyo hatua za mwanzo hapa ni ndefu, za ujenzi ni fupi. Mafundi wa kusimamisha ghorofa tunao wa kutosha.

Hatua ya 1: Isome hati kabla hujakiangalia kiwanja

Anza na upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Usiridhike na nakala ya hati uliyopewa na muuzaji, hata kama ina mihuri mingi. Upekuzi utakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani iliyopo benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai haki, na masharti ya umiliki. Halafu angalia mambo mawili ambayo watu huyaruka.

La kwanza ni miaka iliyobaki. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 umiliki hutolewa kwa muda maalumu, usiozidi miaka 99, na viwanja vingi vya viwanda vilimilikishwa zamani kwa muda mfupi zaidi ya huo. Hati iliyobakiza miaka michache haikopesheki. Kuhuisha muda kunawezekana, ila panga kulifanya pamoja na mabadiliko ya matumizi ili usilipie safari mbili.

La pili ni historia ya ubinafsishaji. Viwanda vingi vya barabara hii vilikuwa mashirika ya umma, vikauzwa kuanzia miaka ya 1990 kupitia tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC. Mikataba ya mauzo ilikuwa na masharti, mengine yakimtaka mnunuzi aendeleze uzalishaji. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kuvirudisha mikononi mwake baadhi ya viwanda ambavyo wanunuzi hawakuviendeleza. Kama kiwanja chako kina asili hiyo, mwanasheria wako aandike barua Ofisi ya Msajili wa Hazina kuuliza kama kuna sharti lililobaki, na asubiri jibu la maandishi. Jibu la simu halitakusaidia mahakamani.

Kuna mtego mwingine. Muuzaji anaweza kukushauri ununue kampuni badala ya kiwanja, kwa kuwa inaonekana rahisi. Ukinunua kampuni umenunua pia madeni yake ya TRA, michango ya NSSF ambayo haikupelekwa, na kesi za wafanyakazi wa zamani wanaodai mafao. Kesi za mafao nchini petu huweza kuchukua miongo. Mimi ningenunua ardhi, nikaiacha kampuni na mizigo yake.

Uhamisho wa kawaida unahitaji ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, idhini ya uhamisho, ushuru wa stempu wa asilimia 1 na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria humhusu muuzaji. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, maana "kisheria" na "kwa desturi" hapa mjini hazifanani. Kama kuna mwenzenu asiye raia, kumbukeni kwamba sheria hairuhusu amilikishwe ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Msijaribu kulizunguka hilo kwa jina la shemeji.

Hatua ya 2: Tafuta ardhi usiyoweza kuijenga

Mita za mraba zilizoandikwa kwenye hati si mita utakazojenga. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, afufue mawe ya mipaka, kisha apunguze maeneo haya:

Hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, sheria ya 2007 ilipanua hifadhi hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukuta wenye alama ya X ya kijani na wenye X nyekundu ni habari mbili tofauti: wa kijani alikuwepo kabla barabara haijamfuata na ana madai ya fidia, mwekundu aliifuata barabara na atabomoa kwa gharama yake. Usitegemee rangi peke yake. Omba barua ya TANROADS, wakala wa barabara.

Hifadhi ya reli. Viwanda vya zamani vilikuwa na matawi ya reli yaliyoingia hadi ndani ya ghala. Reli imeng'olewa, lakini ukanda wake unaweza kuwa bado ni wa shirika la reli kwenye ramani.

Mto. Upande wa Vingunguti na Buguruni ardhi inateremka kwenda bonde la Msimbazi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hata nje ya mita hizo, nenda kaangalie alama za maji kwenye kuta za majirani baada ya masika. Mafuriko ya Jangwani yamewafundisha wengi.

Na anga. Hili husahaulika kabisa. Njia ya ndege zinazoingia na kutoka uwanja wa Julius Nyerere inapita juu ya sehemu ya eneo hili, hivyo ghorofa linahitaji kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kiombe mapema, kabla msanifu hajakuchorea ghorofa kumi na tano za ndoto.

Jua pia uko halmashauri gani. Keko na Chang'ombe ni Manispaa ya Temeke. Gerezani, Buguruni na Vingunguti ni Jiji la Dar es Salaam, ambalo hadi mwaka 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala.

Hatua ya 3: Udongo

Hapa ndipo nataka utulie. Kiwanda kinapofungwa mashine huuzwa, majengo hupangishwa, lakini kilichomwagwa kwa miaka arobaini kinabaki. Wanunuzi wengi hawapimi chochote. Wanamwaga kifusi, wanasawazisha, wanaweka paving, na watoto wa wapangaji wanacheza juu yake.

Mfano wa jirani ni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifanya kazi hapo kuanzia 2007 hadi 2014 na kuwasambazia wakazi sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliongoza mapambano. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Somo kwa mwenye kiwanja liko kwenye orodha ya walioshtakiwa: haikuishia kwa mwenye kiwanda, iligusa mamlaka za serikali na mwenye ardhi aliyekipangisha.

Kazi yenyewe ifanye hivi.

Tafuta wazee waliofanya kazi pale: fundi wa boila, mtu wa stoo, dereva. Wanunulie chai, tembeeni nao kiwanjani. Waulize oili chafu ilimwagwa wapi, mapipa yalizikwa upande gani, mfereji wa maji ya rangi ulitokea wapi, tenki la dizeli la chini lilikuwa wapi na kama liliwahi kung'olewa. Mzee mmoja mwenye kumbukumbu anaweza kukuokolea nusu ya gharama za maabara, kwa kuwa utajua pa kuchimba. Chora kila anachokuonyesha kwenye ramani ya mpima.

Kisha linganisha na aina ya kiwanda. Betri na kuyeyusha vyuma: risasi na tindikali. Ngozi: kromiamu. Nguo: kemikali za rangi na za kupaushia, pamoja na mafuta mazito ya boila. Kiwanda cha rangi za majengo: risasi tena, na viyeyushi. Gereji na yadi ya malori: dizeli na oili. Kupaka mabati zinki: tindikali na zinki. Ghala la pembejeo: viuatilifu vya zamani, pengine DDT. Na popote penye transfoma ya zamani, mafuta yake yapimwe kama yana PCB, kemikali yenye sumu, kabla mtu hajayagusa.

Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa achukue sampuli kwa namna mbili pamoja: chache kwa umbali sawa kiwanja kizima, na nyingi kwenye sehemu zinazotiliwa shaka. Kila shimo litoe udongo wa juu, wa nusu mita, wa mita moja, na zaidi kama harufu au rangi inaendelea. Risasi hukaa juu na haiozi. Dizeli hushuka na kutembea. Baadhi ya aina za kromiamu huyeyuka na kufuata maji. Udongo wa Dar ni wa kichanga sehemu kubwa, kwa hiyo kinachoyeyuka hushuka haraka. Sampuli za mafuta na viyeyushi zijazwe hadi juu kwenye chupa za kioo, ziwekwe kwenye barafu, na kila chupa iwe na karatasi inayoonyesha nani aliichukua, saa ngapi, na nani aliipokea maabara. Maji ya chini yapimwe pia, hasa baada ya masika yanapopanda. Majirani wengi wanatumia visima, na kisima cha jirani ndicho kitakachokupeleka mahakamani.

Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni mahali pa kuanzia. Matokeo yalinganishwe na viwango vya ubora wa udongo vya kanuni za mazingira za 2007. Kwa sehemu tata, peleka sampuli pacha maabara ya pili. Kama bado hamjanunua, fanyeni haya yote kwa makubaliano ya maandishi kabla ya kulipa, na matokeo yashushe bei, au sehemu ya bei ishikiliwe kwenye akaunti ya wakili hadi usafi ukamilike. Muuzaji akikataa udongo wake upimwe, ameshakujibu.

Kusafisha kuna njia tatu, na kiwanja kimoja kinaweza kuhitaji zote. Kuchimba na kuhamisha ni njia safi lakini ya gharama, na huwezi tu kuupeleka udongo wenye sumu dampo la Pugu Kinyamwezi. Usafirishaji wa taka hatarishi unahitaji kibali na msafirishaji aliyesajiliwa. Kutibu papohapo kunafaa kwa dizeli na oili: udongo unarundikwa juu ya turubai zito, unageuzwa, unanyeshewa na kuongezewa mbolea, na vijidudu vinakula mafuta. Joto la Dar linasaidia, lakini ni kazi ya miezi na inataka nafasi. Tatu ni kufunika: zege la maegesho juu ya udongo wenye risasi huzuia vumbi na kugusa. Njia hii ni halali na ya akili, mradi iandikwe kwenye ramani na isitobolewe baadaye.

Hatua ya 4: Waliomo

Kiwanja kilichotelekezwa hakiwi kitupu. Yumo mpangaji wa ghala mwenye mkataba wa mdomo, fundi wa kuchomelea aliyepewa kona na meneja wa zamani, mama lishe getini, familia ya mlinzi. Waorodhesheni wote kwa majina mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila mmoja asaini tarehe aliyoingia. Orodha hiyo ikichelewa itaongezeka yenyewe. Wape notisi ya maandishi na muda unaoeleweka. Mama lishe usimfukuze kwanza. Mafundi wako watakula wapi?

Hatua ya 5: Amua kijengwe nini

Kila mtu anataka apatimenti. Mimi nasita. Ukijenga makazi ukutani kwa kiwanda kinachofanya kazi, ndani ya mwaka wapangaji wako watalalamikia moshi, kelele na malori ya usiku, na mwenye kiwanda atakukumbusha kwamba alikuwepo kabla yako. Atakuwa na haki. Tazama soko lililo mlangoni: Kariakoo inalisha maduka ya mikoani, Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, na wafanyabiashara wake wana njaa ya stoo zilizo karibu. Ghorofa ya chini yenye maghala madogo na maduka ya jumla, juu ofisi na karakana safi za ushonaji, ufungashaji au uchapishaji, hurudisha fedha mapema na haigombani na majirani. Makazi yawekwe upande ulio mbali na viwanda, kama upo, na kwenye sehemu ambayo udongo wake umethibitika safi.

Usikimbilie kubomoa. Fremu za chuma za maghala ya miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi bado ni imara, na mhandisi anaweza kuzipima. Mikocheni, kituo cha sanaa cha Nafasi kimeishi kwa miaka mingi ndani ya majengo ya eneo la viwanda vidogo, na hakuna aliyelazimika kujenga ghorofa ili pachangamke. Wakati vibali vinatafutwa, ghala moja lililokarabatiwa paa na umeme linaweza kupangishwa kwa mkataba mfupi wenye kipengele cha kuondoka.

Hatua ya 6: Vibali, kwa mpangilio wake

Kosa la kawaida ni kumlipa msanifu kwanza. Nenda kwanza kwa Afisa Mipango Miji wa halmashauri, ukiwa na ramani ya mpima, umuulize mpango kabambe wa jiji (master plan) unasemaje kuhusu eneo lako na kama kuna mpango wa uendelezaji upya unaoligusa. Hii ni mazungumzo, haina ada.

Kisha omba mabadiliko ya matumizi ya ardhi, kutoka viwanda kwenda mchanganyiko wa biashara na mengineyo. Ambatisha nakala ya hati, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu, na maelezo ya sababu. Kutakuwa na tangazo kwa umma na muda wa pingamizi. Watembelee majirani kabla tangazo halijatoka. Pingamizi nyingi hutokana na mtu kuona habari za jirani yake gazetini. Maombi hupita kamati ya mipango miji na kwenda Wizara ya Ardhi, na mwisho wake hati hupata masharti mapya. Tegemea pia kodi ya pango kubadilika.

Sambamba na hilo sajili mradi NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kanuni zilivyorekebishwa 2018 zimegawa miradi kwa madaraja, na daraja ndilo linaloamua kama unafanya tathmini kamili ya athari kwa mazingira au ya muhtasari. Ripoti yako ya udongo inaingia hapa.

Baada ya hapo ndipo michoro: msanifu na mkadiriaji majenzi waliosajiliwa na bodi yao, AQRB, mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB, ripoti ya uwezo wa udongo kubeba mzigo (hii ni tofauti na ile ya sumu, msiichanganye), ukaguzi wa Zimamoto, kibali cha urefu, kisha kibali cha ujenzi cha halmashauri. Mkandarasi awe amesajiliwa na bodi ya makandarasi, CRB, na awe wa daraja linaloruhusu ukubwa wa kazi yako, na eneo la kazi lisajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Hatua ya 7: Kubomoa

Wanunuzi wa skrepa watakuja na ofa nzuri: wabomoe bure, wachukue chuma. Watachukua chuma na shaba, na kukuachia asbesto (nyuzi zinazodhuru mapafu), tope la matenki na mafuta ya transfoma. Wape kazi kwa mkataba unaotaja vyote, na malipo ya mwisho yatoke kiwanja kikiwa safi.

Mambo matatu hayana mjadala. Tenki lililowahi kuwa na mafuta lisikatwe kwa gesi kabla halijasafishwa na kupimwa mvuke. Tenki tupu ndilo hulipuka. Nyaya zisichomwe kiwanjani ili kupata shaba. Na bati zito la kijivu la saruji, lenye mawimbi, lichukuliwe kuwa ni asbesto hadi maabara iseme vinginevyo: liloweshwe, lifunguliwe zima bila kuvunjwa wala kutobolewa, lifungwe kwenye nailoni nzito mara mbili, na wafanyakazi wavae barakoa zinazozuia nyuzi, si zile za hospitali.

Ukichimba karibu na msingi wa jirani, mhandisi abuni ukuta wa kuzuia udongo kwanza. Watu 36 walikufa ghorofa lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi mwaka 2013, na Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo. Mamlaka sasa wanauliza maswali makali zaidi kuhusu ghorofa za chini ya ardhi, na ni haki yao. Kama huhitaji chumba cha chini, usikichimbe.

Hatua ya 8: Kujenga na kukabidhi

Jenga kwa awamu, awamu ya kwanza ikiwa ile inayoweza kupangishwa peke yake. Mitaro ya mvua itangulie majengo. Karo la kunyonya lisiwekwe kwenye udongo uliochafuka, kwa sababu utakuwa unasukuma sumu kwenda kwenye maji ya chini kila mtu anapooga. Uliza DAWASA kama bomba la majitaka linafika, na kama halifiki, weka mtambo mdogo wa kusafisha au tenki la kunyonywa na gari.

Mkiuza sehemu za jengo, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila mnunuzi apate hati yake, huku maeneo ya pamoja yakisimamiwa na chama cha wamiliki. Kila mnunuzi apewe, pamoja na hati, nakala ya ramani inayoonyesha sehemu zilizofunikwa kwa zege na sababu yake. Chama kiandike kwenye kanuni zake kwamba hapo hapachimbwi kisima wala mfereji bila mtaalamu wa mazingira kuwepo, na ukaguzi wa mazingira ufanyike kwa ratiba iliyo kwenye cheti cha NEMC.